Mume Niliyemtunga Dirishani

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa Nairobi, mbele ya dirisha la viza, jasho linanitoka kama mtu aliyeiba. Kama hukunisoma, nitakupa kwa ufupi, maana aibu yenyewe si ya kurudiwarudiwa.

Mimi ni Scovia. Nauza mabondo, kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani. Zamani tulikuwa tunakitupa kwa mbwa, siku hizi Wachina wanakigombania. Nanunua Homa Bay na kisiwani Mfangano, nakausha, nawauzia madalali wa Isebania, na madalali wanajenga maghorofa. Mwaka huu mnunuzi mmoja wa Guangzhou alinialika mwenyewe. Njoo na sampuli, alisema, tuelewane bila mtu katikati.

Kilichobaki kilikuwa viza ya biashara, ile ya muda mfupi. Farah, ajenti wangu wa pale Migori mjini, alinionya mapema. Mwanamke asiye na mume akiomba peke yake, alisema, wanaweza kudhani hatarudi.

Sasa mimi mume ninaye, na tena sina. Nimeolewa na nyumba.

Kwetu Wakuria, mama ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, awe mke wa mwana asiyekuwepo, ili nyumba isife. Mama Jerusha alinioa hivyo. Mume wangu anaitwa Maroa, na Maroa hakuwahi kuzaliwa. Ni jina tu. Hata jina hilo mimi sikuruhusiwa kulitamka. Mama peke yake ndiye hulitaja, na hulitaja kwa sauti ya chini.

Dirishani nililitamka. Nikasema yuko hai, ana afya, analima tumbaku, na amenipa ruhusa ya kusafiri. Dada wa dirishani akaniomba namba ya simu ya mume. Nikamtungia namba papo hapo, tarakimu zozote zilizonijia mdomoni. Akaandika, akanitabasamia.

Hapo ndipo tulipoishia. Laiti ningeishia hapo na mimi.

*

Jumatatu nilikuwa Homa Bay na Mourine, mshirika wangu, tunageuza mabondo juani. Mourine aliuza mashua ya marehemu mumewe ili tupate mzigo wa maana. Simu ikalia. Farah.

"Dada Scovia, pasipoti imerudi. Kuja Migori."

"Nimepata au nimekosa?"

"Kuja tu, dada."

Mourine hakungoja. Alipiga vigelegele mpaka wachuuzi wa omena wakageuka kututazama. Alinikumbatia na mikono yake inayonuka samaki, nami nikacheka, lakini sikio langu lilibaki kwa Farah. Farah ni mtu wa kelele. Siku hiyo aliongea kama mtu aliye matangani.

"Mbona umenuna?" Mourine akaniuliza.

"Sauti yake haikuwa ya furaha."

"Wewe nawe! Unatafuta shida na shida zenyewe zimekuchoka. Enda uchukue viza yako!"

Nikaenda.

Duka la Farah linauza masanduku ya safari upande mmoja, tiketi upande mwingine. Alikuwa amekaa nyuma ya meza, pasipoti yangu mbele yake, hajaigusa chai.

"Umepata," akasema.

Niliinyakua. Nikafungua. Ilikuwepo kweli, na picha yangu nimekodoa macho. Kuingia mara moja tu, na tarehe ya mwisho ya kuingia iko karibu kama pua. Ukichelewa imekufa, na mnunuzi hatakungoja. Nililia pale pale. Sioni haya kusema, nililia.

"Ndege ni keshokutwa," Farah akasema. "Lakini kuna jambo. Mume wako amepiga simu."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

"Mume gani?"

"Maroa. Amesema usiondoke kabla hajafika nyumbani. Ukiondoka, atawapigia wale watu wa viza awaambie hakukupa ruhusa."

"Farah, wewe unajua mimi sina mume. Nilikueleza hapa hapa."

"Ndiyo maana sijakunywa chai."

Akanisogezea simu yake. Namba iliyokuwa pale niliijua. Ningeisahau vipi? Niliitunga mwenyewe.

"Nimelinganisha na fomu yako iliyorudi na pasipoti," Farah akasema. "Nimesoma mara tatu. Ni ile ile uliyowapa."

Nikakalia sanduku moja la kuuza. Farah ni mtu wa akili, akajaribu kunitoa hofu. Labda, alisema, watu wa viza walipiga hiyo namba kuhakikisha. Ikampata mtu fulani mahali fulani. Wakamwuliza, wewe ni Maroa, mume wa Scovia? Naye kwa ukora wake akasema ndiyo. Wakamweleza mambo ya safari, wakamtajia ajenti. Sasa anataka kukukamua.

"Ni mkora tu, wallahi," akasema. "Kenya imejaa."

Nikapumua. Maneno yake yalikuwa na maana. Nikampigia huyo mkora nimtukane vizuri, nina mdomo wa kazi hiyo. Nikaambiwa namba niliyopiga haipo.

"Haipo vipi na amekupigia leo?"

Farah alikuwa anazungusha kikombe.

"Ongea, Farah. Bado kuna kitu."

"Alinipa ujumbe kwa mama yake. Sikuuelewa." Akashusha sauti. "Alisema, mwambie mama asinitafutie kitanda. Nitalala jikoni, mahali pangu."

Na mimi sikuuelewa. Lakini nywele zilinisimama, na duka lile lina joto la kuoka mkate.

*

Nikajiambia, Scovia, tumia akili. Ni nani anayejua habari za nyumba yenu, na ni nani asiyetaka uende China? Jibu likaja upesi. Zablon.

Zablon ndiye baba wa binti yangu, Robi. Mama Jerusha mwenyewe alimkubali. Aje, apatikane mtoto, asidai kitu. Mtoto ni wa Maroa. Ndivyo desturi ilivyo, na Zablon aliikubali akiwa na akili timamu, lakini safari hii ilimuuma. Aliniambia wazi kwamba wanawake wakionja ndege hawarudi kupika ugali.

Nilimkuta alasiri hiyo Awendo, nje ya kiwanda cha sukari, kivulini mwa trekta lake, anangoja zamu ya kushusha miwa. Sikumsalimia. Nilimkamata ukosi wa shati mbele ya wenzake.

"Zablon, unanichezea na simu?"

"Simu gani? Niachilie, watu wanatuangalia!"

"Waangalie! Unampigia Farah ukijifanya mwenye nyumba?"

Nilitarajia acheke au anitukane. Uso wake ukabadilika. Akanishika mkono, akanivuta mpaka nyuma ya tela la miwa.

"Kwani amekupigia na wewe?" akaniuliza.

"Nani?"

"Yeye. Mimi alinipigia jana asubuhi. Nilidhani ni wewe umemtuma mtu unifukuze."

"Alisema nini?"

Zablon ni mwanamume wa kifua, hubeba gunia la mbolea kama mto wa kulalia. Siku hiyo aliongea kwa kunong'ona, akichungulia barabarani.

"Alinishukuru."

"Alikushukuru kwa nini?"

"Alisema, asante kwa kunitunzia nyumba. Umefanya kazi ya ndugu. Sasa pumzika, mimi nimeshafika Rongo."

Lori lilipita limebeba miwa, vumbi likatufunika, na hakuna aliyejipangusa.

"Namba yako alipewa na nani?" nikamwuliza.

"Hilo ndilo nakuuliza wewe."

"Zablon, huyo ni mkora. Farah amesema."

"Sawa, ni mkora." Akavaa kofia yake. "Lakini mimi kwenu sikanyagi tena. Msalimie Robi."

Alipanda trekta, akaondoka na zamu yake haijafika. Hapo ndipo nilipoogopa kikweli. Kama si Zablon, na kama kweli ni mkora wa mbali, ni nani aliyempa habari za Zablon? Dirishani sikumtaja Zablon hata kidogo.

*

Nilifika nyumbani kwetu, juu kidogo ya Isebania, kesho yake kabla ya jua kuwa kali. Robi alikuwa shuleni. Mama Jerusha alikuwa uani, anapepeta wimbi. Yeye ni Msabato wa kweli, hapendi habari za mizimu, na akikusikia unazitaja anakuimbia wimbo wa kanisani mpaka unyamaze. Nikaona afadhali. Akiniimbia, nitapona.

"Mama, nimepata viza."

"Bwana asifiwe, Mama Robi."

"Lakini kuna mtu anapiga simu. Anasema yeye ndiye mwenye nyumba."

Hakuimba. Ungo uliendelea kwenda juu na chini, wimbi linarushwa, makapi yanapeperuka.

"Amejuaje habari zetu?" akauliza.

Nikamweleza. Nikamweleza dirisha, swali, jibu langu, namba ya kutunga.

"Ulimtaja jina?"

"Nilimtaja, Mama. Nisamehe. Ilikuwa lazima."

"Ukasema yuko wapi?"

"Nikasema yuko hapa. Analima."

Akaendelea kupepeta. Nikaona anakasirika kwa sababu nimevunja mwiko wa nyumba, na hasira ya Mama Jerusha naijua, ni ya kimya. Nikamalizia haraka haraka.

"Amekutumia ujumbe. Eti usimtafutie kitanda. Atalala jikoni, mahali pake."

Ungo ukaanguka. Wimbi lote likamwagika mchangani, na Mama Jerusha, ambaye huokota hata punje moja ya mahindi, hakulitazama.

"Nani alimwambia jikoni?" akasema.

"Sijui, Mama. Kwani jikoni kuna nini?"

Alikaa chini pale pale kwenye wimbi. Akavua kitambaa cha kichwa, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya mchana.

"Mlisikia kwamba sikuzaa mtoto wa kiume," akasema. "Watu wote wanajua hivyo. Hata mume wangu alikufa akijua hivyo. Mama Robi, nilizaa."

Nikachuchumaa mbele yake.

"Mume wangu alikuwa ng'ambo ya Sirare, kwenye ng'ombe. Uchungu ulinishika peke yangu. Mtoto alitoka mzima, wa kiume, ana nywele nyingi. Nikamwita Maroa. Alinyonya mara moja, akapumua vibaya, akanyamaza." Alikuwa anaongea akitazama mlango wa jiko la zamani, lile la udongo tunaloweka kuni. "Nitamwambia mume wangu nini? Wasichana watatu, na huyo mmoja wa kiume nimeshindwa kumweka hata siku moja? Nilimzika mwenyewe, kwa jembe. Jikoni, karibu na mafiga, asipate baridi. Nikasema mimba iliharibika."

"Na mimi ukaniambia hakuwahi kuzaliwa."

"Nilijiambia hivyo hata mimi."

Nililia kwa ajili yake. Nilimshika mikono, nikamwambia pole Mama, pole sana. Lakini nikisema kweli, na hapa niko kwa ajili ya kusema kweli, moyoni nilikuwa nahesabu mambo yangu. Kama mtoto amezikwa, nilijiambia, basi huyu wa simu ni mwongo. Hana lake hapa. Nitafunga sanduku leo, nitalala Migori, kesho niko hewani. Akipiga simu kwa watu wa viza, mimi nitakuwa nimeshatua.

Nikaingia ndani, nikaanza kupanga nguo.

Nilikuwa nakunja sweta niliposikia hodi.

*

Mbwa wetu humbwekea hata mchungaji wa kanisa. Hakubweka.

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mrefu, viatu vimejaa vumbi la barabara ndefu. Mkononi alikuwa na pakiti ya sukari na mkate, kama mgeni yeyote mwenye adabu. Nywele zake zilikuwa nyingi.

"Hamjambo hapa," akasema. "Samahani kwa kuchelewa."

Nilitoka nikamzibia njia.

"Wewe ni nani?"

"Si unajua."

"Sijui! Nani amekutuma? Ni madalali, sivyo? Hawataki nionane na mnunuzi. Wamekupa nini?"

Hakunijibu kwa ukali. Hicho ndicho kilichonitisha. Mkora huwa na haraka, huyu hakuwa na haraka yoyote.

"Nilikuwa nimekaa tu," akasema. "Simu ikalia. Mama mmoja wa Nairobi, sauti nzuri, akaniuliza, wewe ni Maroa, mume wa Scovia? Maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mimi ni nani. Nikasema ndiyo."

"Ulikuwa umekaa wapi?"

Akatabasamu kidogo, akanipita kwa macho, akatazama lile jiko la udongo.

"Na Zablon ulimjuaje?" nikamwuliza. "Nani alikupa namba yake?"

"Yeye ni mtu wa hapa nyumbani. Nisimjue vipi?"

Hasira ikanipanda. Mimi hofu ikinizidi hugeuka kuwa matusi, ndivyo nilivyoumbwa. Nilimwita mwizi, nikamwita tapeli, nikamwambia nitamwita chifu na vijana wa boda wamfundishe adabu.

"Wewe si mume wangu!" nikapiga kelele. "Sina mume! Sijawahi kuwa na mume!"

"Sawa," akasema.

Akatoa simu mfukoni. Simu ndogo, ya vibonye, imechakaa. Akanipa.

"Wapigie Nairobi. Waambie hivyo hivyo. Waambie Maroa hayupo, hukuwahi kuwa naye. Nikisikia umesema, nitarudi nilikotoka, na hamtaniona tena."

Nikaishika simu. Ilikuwa baridi, jua likiwa utosini.

Ndugu msomaji, unajua nilichofikiria? Sikufikiria mauti wala mizimu. Nilifikiria viza. Nikisema hayupo, nimekiri kwamba nilidanganya, na viza ya mwongo haiishi hata siku moja. Mourine na mashua yake, kwisha. Guangzhou, kwisha. Nitarudi kwa madalali nikiwa nimeinamisha kichwa. Nikisema yupo, basi yupo, naye ataingia.

Kidole changu kilikaa juu ya kibonye. Hakikubonyeza.

Yule mtu akangoja. Halafu akanichukulia simu mkononi kwa upole, akairudisha mfukoni.

"Asante," akasema. "Safari njema, basi. Nenda ukafanye biashara. Mtoto akirudi kutoka shule, atanikuta."

Robi. Sikuwa nimemfikiria Robi.

Nikageuka kumtafuta Mama Jerusha aniokoe. Yeye ndiye peke yake duniani aliyejua mtoto yuko wapi. Neno moja lake lingetosha. Nilimwona anainuka kutoka kwenye wimbi, anajipangusa sketi, anafunga kitambaa kichwani vizuri, kama mtu anayejiandaa kwenda kanisani. Akapita kando yangu. Akampokea yule mtu sukari na mkate.

"Karibu ndani, mwanangu," akamwambia. "Pita. Umetembea sana."

Yule mtu akainama, akapita mlango mdogo wa jiko la udongo, hakuulizia njia.

Nilimkamata Mama Jerusha mkono kabla hajamfuata. Nilimbana mpaka nikahisi mfupa.

"Mama! Umeniambia ulimzika kwa mikono yako."

"Nilimzika."

"Basi huyo ni nani?"

Alinitazama. Hakuwa na wazimu machoni. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa na furaha, furaha ambayo miaka yote niliyokaa kwake sikuwahi kuiona.

"Mimi nilimzika, Mama Robi," akasema. "Wewe ndiye uliyekwenda Nairobi ukasema yuko hai."